Barabara ya Mwarungu Haina Namba

Jumamosi, 6 Septemba 2014
Presha 148 kwa 90.

Daftari hili nimepewa na nesi wa kliniki niandike presha yangu kila asubuhi mpaka Krismasi. Akaniambia, "Andika pia kilichokufurahisha au kukuudhi siku hiyo." Basi ameyataka mwenyewe. Kurasa ni nyingi, na mimi nina mtoto.

Mtoto ni Zipporah, injinia. Naandika tena: injinia. Alikuja London ana miaka minne, ameshikwa mkono na mama aliyeishia darasa la saba. Leo ana digrii mbili na meza yake kwenye ofisi ya ghorofa ya tano karibu na Edgware Road. Mchana amekuja Hounslow kula na sisi, akatuambia kwa sauti ndogo kama mtu anayeungama, kwamba kaunti yetu kule nyumbani imeipa kampuni yao kazi ya kupanga upya namba za barabara zote. Namba za zamani zimevurugika. Kuna barabara mbili zenye namba ileile, na kuna nyingine inabadilisha namba mara tatu kabla haijafika sokoni. Wa kuandika orodha mpya ni yeye.

Baba yake, Harrison, ni dereva wa basi na barabara anaziheshimu. Alimpa mkono kama wanaume wanavyopeana. Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mum, please," akasema Zipporah. "Usimwambie mtu. Bado ni rasimu."

Yeye husema Kiingereza na sisi tunamjibu Kiswahili. Humu nitaandika yote Kiswahili, maana kalamu yangu haina shifti mbili.

Nikamwahidi sitamwambia mtu.

Jumapili, 7 Septemba
151 kwa 92.

Nimemwambia kaka yangu Fanuel. Lakini Fanuel si mtu, ni ndugu.

Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya barabara ya Mwarungu, kijiji chetu mlimani. Aliposikia akasema, "Kwa hiyo kalamu iko kwa Zipporah wetu?"

"Iko kwa Zipporah."

"Na barabara yetu itapewa namba gani?"

Hapo ningesema sijui. Lakini simu aliiweka spika, nikasikia watu nyuma yake, na nikakumbuka nilivyochekwa nilipoondoka, eti Teresia anaenda Ulaya kufua mashuka ya wazungu. Ni kweli ninafua mashuka. Ndiyo sababu nikasema, "Namba moja. Kwani mlitaka ya ngapi?"

Walishangilia mpaka simu ikakwaruza.

Jumatatu, 8 Septemba
145 kwa 88.

Nimemwambia Gurmit. Tunafanya naye kazi kwenye dobi ya hoteli pale Heathrow miaka tisa sasa. Mwanamke mzaliwa wa Eldoret, Kiswahili chake kina makali kuliko changu. Alikuwa anakunja taulo.

"Teresia, mwezi wa tano alikuwa injinia. Leo anagawa barabara. Krismasi atakuwa rais?"

"Akitaka."

"Basi mwambie anipe barabara ya kutoka hapa bila kupita kwa supavaiza."

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani baada ya ibada, kwenye chai, niliulizwa habari za nyumbani. Nikaeleza. Chai ilipoa.

Alhamisi, 18 Septemba
143 kwa 87. Mvua kutwa. Mashuka mia tatu. Hakuna jipya, ila mtoto wangu bado ni injinia.

Jumapili, 28 Septemba
Asubuhi 146 kwa 88. Jioni sikupima, niliogopa mashine.

Zipporah alikuja na laptopu. Nilimpikia kimanga cha muhogo na maharagwe, akala sahani mbili, nikaona moyo wake umelainika. Nikasema, "Mama, nionyeshe yetu tu. Sitauliza nyingine."

Akafungua ramani. Barabara zilikuwa kama mishipa ya mkono, nyekundu na njano, kila moja na kibao chake cha namba. Nikaifuata kwa kidole kutoka mjini, sokoni, hadi daraja la mto Ndighiri. Baada ya daraja, kweupe.

"Mwarungu iko wapi?"

Akagusa palepale kweupe. "Hapa."

"Na barabara?"

"Hakuna, Mama. Kwenye ramani ya zamani ni njia ya miguu. Hakuna karatasi yoyote ya serikali inayosema ni barabara."

Nilicheka. Njia ya miguu gani inapandisha lori la mbolea? Barabara ile naijua kwa mifupa. Mwaka 1979 serikali ilisema mlima ni mkali, haiwezi. Wanawake wakaenda na majembe. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake, leso arobaini zilizotandikwa chini moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kipande cha mwenzake. Mpaka leo kila kipande kinaitwa kwa jina la aliyekilima. Gari likikwama, mtu hasemi limekwama kona ya tatu, anasema limekwama kwa Mghoi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikibeba karai la mawe kwenye kipande cha mama yangu, Wakesho.

Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza, akafunga laptopu polepole.

"Nakuamini. Lakini siwezi kuiandika mimi. Ni kijiji cha nyanya yangu. Watasema nimependelea, na watakuwa na haki."

"Na isipopata namba?"

"Haitakuwa kwenye orodha. Greda linatumwa kwa orodha. Kalvati za kupitishia maji zinawekwa kwa orodha. Gari la dawa za zahanati litapangiwa kwa orodha, kwa hiyo litaishia mtoni." Akanitazama. "Na orodha haitaguswa tena kwa miaka kumi."

Harrison akauliza kama hakuna njia nyingine. Zipporah akasema ipo, tena rahisi: kila kamati ya kijiji imepelekewa fomu ya maoni. Wakijaza wenyewe, mtu atatumwa kuikagua barabara. Mwisho ni tarehe 31 Oktoba.

"Mjomba Fanuel atakuwa ameshajaza," akasema.

"Fanuel?" nikasema. "Zamani sana."

Jumanne, 30 Septemba
150 kwa 93. Nimetaka kumpigia Fanuel nimuulize habari za fomu. Nimeshika simu, nikaiweka, nikaenda kupiga pasi mapazia ambayo hayakuwa na mkunjo.

Jumapili, 5 Oktoba
158 kwa 96.

Fanuel ametuma picha kwa wasap. Mawe makubwa kando ya barabara, kutoka mtoni hadi zahanati, yamepakwa chokaa, na juu ya kila jiwe, kwa rangi nyekundu, namba 1. Wanaume wamesimama wameshika brashi kama bunduki. Chini ameandika: "Fomu ya kaunti tumeirudisha tupu. Ya nini fomu, na mwenye kalamu ni mtoto wetu? Mwambie Zipporah mjomba wake anamshukuru."

Nilikaa kitandani na viatu miguuni. Kisha nikamtumia Fanuel kidole gumba. Kidole gumba! Mungu anisamehe kile kidole.

Jumatano, 8 Oktoba
Gurmit kaniuliza mbona nimekunja shuka moja mara nne.

Jumanne, 14 Oktoba
160 kwa 98.

Zipporah hatujii siku za kazi. Leo amekuja saa kumi na moja jioni, akakaa kwenye ngazi bila kuvua koti.

Watu wa Kishaleri, ng'ambo ya bonde, wameandika barua kwa kaunti, na kaunti imewaandikia wakubwa wa Zipporah hapa. Barua inasema injinia mmoja wa London amewaahidi jamaa zake namba moja, na picha za mawe zimeambatishwa. Ameondolewa kwenye kazi ya orodha mpaka uchunguzi uishe. Huenda akafukuzwa kabisa.

"Sielewi," alikuwa anasema. "Sijaongea na mjomba tangu Pasaka. Nani kawaambia?"

Harrison alinitazama. Miaka ishirini na minane ya ndoa, na lile ndilo jicho refu kuliko yote aliyonipa.

Nikamwuliza mtoto kama atakunywa chai.

Akasema hapana, akaenda zake kwake Barking. Nikanywa yake na yangu.

Jumatano, 15 Oktoba
Sikupima.

Leo nilikuwa na ofu. Kutoka Hounslow mpaka Barking ni London nzima, treni mbili, na njia nzima nilikuwa napanga maneno kama mtoto anayekwenda kukariri aya. Nilipanga kuanza na Fanuel, jinsi anavyopenda makuu. Kisha nianze na simu ile, ilivyowekwa spika bila ruhusa yangu. Kufika Hammersmith nikaona kila mwanzo una mtu mwingine ndani yake, nikaitupa yote.

Zipporah alifungua mlango na nguo za kulalia, saa sita mchana. Nikasema nikiwa bado nje, "Ni mimi."

"Naona ni wewe, Mama."

"Ni mimi niliyewaambia."

Alinitazama. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili. Mimi nilidhani Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu mezani. Kumbe kinaweza kuuliza.

"Uliwaambia nini?"

"Namba moja."

"Nilikuambia usiseme."

"Uliniambia."

"Kwa nini, Mama?"

Nikamwambia ukweli, ambao sikuwa nimeupanga. Nilimwambia miaka yote hii wakiniuliza kule nyumbani nafanya nini huku, sina la kujibu. Naamka, nafua, nakunja, narudi. Jibu langu ni yeye. Wakiuliza Teresia amepata nini Ulaya, namtoa yeye.

Alikaa kwenye kochi. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Akasema, sasa kwa Kiingereza, taratibu ili nisipoteze hata neno, "Mimi si jibu lako. Mimi ni mtu, na nina kazi yangu. Nimeihangaikia tangu nina miaka kumi na nane."

Sikuwa nimewahi kuliona hivyo. Naliandika hapa ili nilione tena. Nimembeba mtoto huyu kila mahali kama pochi mpya, nikamwonyesha kila mtu, na sikumwuliza kama anapenda kuonyeshwa.

Hakunikumbatia. Lakini nilipoondoka alinivisha koti lake, akanifunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni.

Ijumaa, 17 Oktoba
155 kwa 94.

Nimekwenda ofisini kwao. Zipporah alinikataza, nikamwambia sasa ni zamu yangu kukataa. Ghorofa ya tano, kapeti laini, mimi na sketi yangu ya kanisani. Alinipokea Bwana Hemant, mkubwa wao, mzaliwa wa Nakuru, nywele nyeupe pe. Kiswahili chake kimekaa kabatini muda mrefu lakini hakijaliwa na nondo.

"Umekuja kumtetea mtoto, Mama?"

"Nimekuja kujishtaki."

Akavua miwani. Nikamweleza kutoka mwanzo, hata kidole gumba. Aliandika yote, akanisomea, nikatia sahihi. Akasema Zipporah atarudi kazini Jumatatu, lakini sehemu yote ya mlima wetu itashughulikiwa na mwenzake, Nasim, na Zipporah hataigusa wala kuiona.

"Na barabara yenyewe?" nikauliza.

"Barabara gani? Mimi sina fomu."

"Bwana Hemant, nisaidie basi. Wewe mtu wa kwetu."

Alitabasamu kidogo tu. "Hilo hasa ndilo kosa lililokuleta hapa, Mama. Una siku kumi na nne. Fomu nyingine iko kwenye tovuti ya kaunti; ijazwe na wenye barabara, iende kaunti kama za wenzao."

Jumamosi, 18 Oktoba
157 kwa 95.

Nimempigia Fanuel. Nikamwomba atoe spika. Nikamwambia, "Kaka, sikuwa na namba ya kutoa. Nilijisifu. Zipporah hakuahidi kitu. Barabara haimo kwenye ramani kabisa, na bila fomu haitaingia."

Akauliza, "Unajua nimepaka mawe mangapi?"

"Najua."

"Unajua nimemwalika mwakilishi wa wadi aje ayaone?"

"Hilo sikujua."

"Umenivua nguo sokoni, Teresia. Mimi mzee mzima." Akakata.

Jumapili, 19 Oktoba
Fanuel hapokei.

Jumatatu, 20 Oktoba
Fanuel hapokei. Zipporah amerudi kazini.

Jumatano, 22 Oktoba
149 kwa 90.

Asubuhi, nikiwa katika basi naenda kazini, simu ikalia. Ilikuwa Mghoi, mkubwa wangu kwa miaka michache, yule wa kona ya tatu.

"We Teresia, tumesikia. Fanuel amenuna, hata kanzu ya kwaya amekataa kuvaa. Muache anune. Kwani barabara ililimwa na Fanuel?"

"Haikulimwa na Fanuel."

"Fanuel alikuwa anacheza mpira pembeni. Sema fomu inataka nini."

Nikamwambia: inaanzia wapi, inaishia wapi, urefu wake, maji yanakatiza wapi, inamhudumia nani.

"Urefu tutapima kama tulivyopima," akasema. "Leso zipo."

Jumamosi, 25 Oktoba
Sina nafasi ya presha.

Wamepima. Kila nyumba imepima kipande chake, na aliyekufa kapimiwa na binti au mkaza mwana. Ujumbe wa sauti umeingia tangu alfajiri. Mimi nazijua nyumba kwa mpangilio, kutoka mtoni kwenda juu, sitini na nne, nikawa naziita kwa sauti jikoni na kuandika, Harrison anapiga chapa kwa kidole kimoja. Kwa Mghoi, leso arobaini. Kwa Mkamburi, arobaini, na maji yanakatiza, panahitaji kalvati. Kwa Mama Mwakio, thelathini na nne.

"Thelathini na nne kwa nini?" akauliza Harrison.

Tukacheza ujumbe tena. Mama Mwakio alikuwa anafoka kwamba jirani yake alimlia leso sita mwaka 1979 na hajazirudisha.

"Niandike hilo?"

"Andika thelathini na nne. Kwa jirani andika arobaini na sita."

Zipporah alikuja saa nane kuchukua koti lake. Alipoona makaratasi aliweka mikono masikioni. "Sioni, sisikii, sipo!" Akakaa sebuleni na televisheni juu. Lakini nilimwona anacheka.

Kipande cha Wakesho, mama yangu, hakikuwa na mtu wa kukipima, maana mimi niko huku. Jioni ukaja ujumbe wa mwisho: leso arobaini. Sauti ilikuwa ya Fanuel. Hakusema zaidi.

Jumatano, 29 Oktoba
147 kwa 89. Leso zote 2,560. Harrison amepiga hesabu: kilomita tatu nukta nane. Nimewatumia karatasi yote.

Ijumaa, 31 Oktoba
Fanuel kapeleka fomu mjini mwenyewe, amegongewa muhuri saa tisa na nusu alasiri, wanafunga saa kumi. Aliniandikia: "Nimesaini. Habari ya chokaa nitaieleza mwenyewe."

Jumapili, 9 Novemba
152 kwa 92. Vuli imeshuka kule kwa hasira. Kwa Mkamburi maji yamekata barabara, sanduku la chanjo limepandishwa zahanati kichwani. Mghoi anasema mawe ya namba moja yameoshwa, yamebaki na wekundu kama yamepigwa.

Alhamisi, 13 Novemba
Hakuna habari. Mashuka.

Jumatatu, 17 Novemba
144 kwa 87.

Mkaguzi wa kaunti alikuja jana, Jumapili, bila kubisha hodi! Pikipiki yake ilikwama kwenye tope baada ya daraja, ikabidi apande kwa miguu. Fanuel alitoka kanisani mbio akatembea naye. Ananihadithia leo, ameshasahau kununa:

"Teresia, nilitaka kumwelekeza, sikupata nafasi. Kila kipande kina mwanamke amesimama na leso yake. Huyu anasema, hapa ni kwa Mkamburi, ona maji. Anapokelewa na mwingine. Mama Mwakio kamshika mkono, kamwonyesha leso zake sita. Yule kijana aliandika mpaka kalamu ikaisha, akapewa nyingine."

"Akasema nini alipofika juu?"

"Aliomba maji ya kunywa."

"Na baada ya kunywa?"

"Akasema, kumbe ni barabara."

Jumatano, 26 Novemba
Gurmit kaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Wiki ya sita hujamtaja Zipporah. Unaumwa?"

"Nangoja."

"Mimi nimezoea kelele zako bwana. Dobi imekuwa kama msiba."

Ijumaa, 5 Desemba
139 kwa 85.

Leo nina shifti ya saa nane mchana. Zipporah ameomba ruhusa asubuhi, akaja na laptopu. Orodha imetangazwa, akasema, na yeye hajaifungua. Alitaka tuione pamoja na watu wengine wote wanaoiona.

Tukakaa mezani watatu. Kurasa ni nyingi, zimejaa herufi na namba, macho yangu yakawa yanaogelea. Zipporah akawa anashusha polepole. Daraja la mto Ndighiri nililiona. Baada yake ikaja Kishaleri, D 416, nikasema moyoni, basi, wamepata wao. Kidole chake kikashuka mstari mmoja.

Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, akijikwaa kidogo: "D 417. Daraja la Ndighiri hadi Zahanati ya Mwarungu. Kilomita tatu nukta nane. Kalvati moja inahitajika haraka." Akasimama hapo. "Sikuiandika mimi, Mama. Ni Nasim."

"Najua. Ndiyo maana ni tamu."

Harrison aliinuka akaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari.

Nikampigia Fanuel. Alikuwa ameshapata habari na yuko katikati ya hotuba. "Mia nne kumi na saba! Kishaleri wana mia nne kumi na sita. Tumewapita!"

"Kaka, namba hazihesabiwi hivyo."

"Huku zinahesabiwa hivyo."

Nilipoweka simu, Zipporah alikuwa bado anatazama ule mstari. Akaniuliza kipande cha nyanya yake ni cha ngapi kutoka mtoni. Cha thelathini na moja, nikamwambia. Akasema Aprili ana likizo, angependa kukitembea, kama nitakwenda naye. Nikasema nitaomba ruhusa kazini, na sikusema zaidi, ingawa nilikuwa na mengi.

Halafu nikamwuliza. "Hii sasa si rasimu?"

"Si rasimu. Imetangazwa."

"Na naweza kusema kwamba binti yangu anafanya kazi kwenye ofisi iliyopanga namba za kaunti nzima? Hivyo tu, bila kuongeza?"

Alifikiri, kweli alifikiri, kisha akacheka. "Sema, Mama. Bila kuongeza."

Ilikuwa saa sita na robo. Nikavaa viatu. Gurmit huingia mapema.